Sharifu wa Sinema ya Roma

Mwaka wa hamsini na tano, sinema katika holi la mtaa, pale chini ya Shauri Moyo, ilianza saa kumi za alasiri, na si kwa kupenda. Kafyu ilikuwa ingali kali. Aliyekutwa njiani jua limezama na pasi ya ruhusa hana, alilala asikopapanga. Basi kila Jumamosi wanawake walikuja na mablanketi ya vitandani, wakayatundika madirishani, giza likatengenezwa kwa mikono. Blanketi la Adhiambo lilikuwa na tundu, na kila sinema jua lilipenya hapo likamtua Mzungu wa kwenye picha usoni, kama ndui.

Maneno ya sinema yalikuwa ya Kiingereza. Otiende, fundi wa mashine, aliyapunguza hadi yakalia kama nzi chupani, na kando ya kitambaa cheupe akasimama Idarusi na kipaza sauti, akayasema kwa Kiswahili. Hiyo haikuwa kazi yake ya mshahara. Alikuwa karani wa stoo ya reli, akikaa Muthurwa kwenye nyumba za reli, umri miaka thelathini na mitatu, mwembamba, kofia ya vito kichwani, kanzu iliyonyooshwa kwa pasi na wanga hadi ungedhani itasimama bila yeye. Lakini kumsikia Jumamosi watu walitoka hata Kaloleni. Mzungu wa sinema alisema sentensi moja, Idarusi akazaa tatu, na zote zilikuwa na chumvi.

Kabla ya Roma waliletewa sinema za mbu, za choo na za kunawa mikono. Watu walishanawa hadi wakachoka. Siku Otiende alipofungua sanduku akatoa makopo matatu yenye picha za mji wa kale wa Roma, holi lilipumua.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya maji na barabara. Idarusi alikuwa ameisoma karatasi iliyokuja na kopo wiki nzima, amelala nayo, ameamka nayo. Mwenyewe alishangaa. Alikuwa akidhani Roma ni kanisa tu.

"Hayo matao ya mawe mnayoyaona," alisema, "juu yake mna mfereji. Maji yalitoka milimani, mwendo wa siku nzima kwa miguu, yakaingia mjini yenyewe, mchana na usiku. Miaka elfu mbili iliyopita! Na hapakuwa na mwanamke aliyepanga debe bombani."

"Uongo!" akapaza Hamidi, fundi bati wa Majengo, ambaye kinywa chake kililia kuliko nyundo yake.

"Haki ya Mungu. Na mabafu ya watu wote, maji ya moto, mtu anaoga huku anapiga soga."

"Na kodi je, walitoa?"

"Walitoa sana."

"Basi hapo nawaamini. Hao ni watu kama sisi."

Holi likacheka mpaka mablanketi yakatikisika. Idarusi aliporudi Muthurwa siku hiyo alikuwa mrefu kuliko alivyotoka.

Sasa, kuna jambo la huyu Idarusi ambalo lazima lisemwe mapema, maana yeye hakulisema. Watu walimwita Sharifu. Hakuna aliyemsikia akitamka kwa ulimi wake kwamba ni wa kizazi cha Mtume. Alifanya la hila zaidi: aliacha waseme. Alipohamia Muthurwa mtu alimuuliza, "Idarusi? Wewe si katika wale wakubwa wa Lamu?" Naye akatabasamu, akaviangalia viatu vyake. Tabasamu likatosha. Ijumaa msikitini wazee wakaanza kumbusu mkono kama ilivyo desturi kwa masharifu. Mwaka wa kwanza aliuvuta mkono haraka. Mwaka wa pili akauacha. Mwaka wa tatu akawa anaunyoosha mwenyewe.

Na mama yake alikuwa yuko hapo hapo Majengo, akioka mikate ya mofa.

Bi Waridi alikuwa na nyumba yake ya udongo yenye vyumba sita, aliyoijenga kwa nguvu zake Majengo ilipokuwa bado majani. Uani alikuwa na tanuri la udongo lenye mdomo wa mviringo, na mofa zake za mtama zilijulikana kuanzia Pumwani hadi Gikomba. Alizaliwa Malindi. Mama yake, Zafarani, alikuwa mjakazi wa shamba, mtu wa kununuliwa, na hata serikali ilipotangaza kwamba hakuna tena mtumwa pwani, Zafarani hakuvaa viatu mpaka akafa. Alisema miguu yake haijui. Jina la Waridi alipewa na bibi mwenye shamba, kama walivyopewa wote wa aina yake majina ya maua na manukato. Na mume aliyemwoa, Mabruki, mpishi wa mabehewa ya reli, lake lilikuwa la namna hiyo hiyo. Mtoto alipozaliwa, Waridi akakataa. Alimwita Idarusi, jina la sharifu mmoja aliyemsomea dua alipokuwa na mimba na homa.

"Nimempa jina kubwa," alimwambia mumewe, "ili asiulizwe."

Mabruki alifariki mtoto akiwa wa miaka sita. Jina likabaki, na kweli hakuulizwa. Lakini mama aliyelitoa jina akawa ndiye kitu cha kufichwa. Idarusi alimtembelea kila Jumapili asubuhi akipitia mlango wa uani. Marafiki zake wa reli walipomwona na kikapu cha mofa wakamuuliza ni za nani, alisema, "Za yule bibi aliyenilea." Si kwamba hakumpenda. Alimpenda kama unavyopenda chakula ambacho hutaki wageni wakione.

Jumamosi ya pili ya Roma, Adhiambo alimshika Bi Waridi mkono. Adhiambo alikuwa mpangaji wake, mwanamke wa Kisumu, mkaanga samaki, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Mama, wewe hujawahi kuona sinema, na mtoto wako ndiye anasema. Hiyo ni mambo gani? Twende."

"Mimi nina unga, Adhiambo."

"Unga haina miguu, itakungoja."

Wakakaa benchi la tatu upande wa wanawake. Idarusi hakuwaona, holi lilikuwa giza, na mwenye kipaza sauti hamuoni mtu, hujiona mwenyewe tu.

Picha zilionyesha namna Waroma walivyopata mkate. Yalionekana mawe makubwa ya kusagia, yamebaki mahali pake tangu enzi hizo, kisha michoro ya punda wakiyazungusha, na baada ya punda, watu. Vichwa vimeinama, mavumbi ya unga hadi kope. Karatasi ilisema hao ni watumwa, kwamba Roma ilijaa watumwa, waliotekwa vitani na waliozaliwa utumwani, na kwamba kazi ya kinu ndiyo waliyoiogopa.

Idarusi alisema hayo vizuri. Kama angeishia hapo! Lakini holi lilikuwa limenyamaza, huzuni imeingia, naye hakuzoea kuwaacha watu bila kicheko. Ulimi ukatoka mbio, akili ikaachwa nyuma ikitafuta viatu.

"Mnajua mtumwa ni nani, jamaa zangu? Ni mtu asiye na babu! Mwulize, wewe ukoo gani? Atakwambia, mimi wa Bwana Fulani. Hata jina si lake, ni la kutupiwa kama paka. Kule pwani tunawajua, ukisikia tu jina umemaliza habari: huyu Almasi, huyu Mabruki, yule Zafarani, yule Waridi..."

Watu wa pwani kwenye mabenchi ya mbele walicheka. Hamidi alipiga paja. "Endelea, Sharifu!"

Lakini Sharifu hakuendelea. Sikio lake lilikuwa limesikia kinywa chake. Almasi alikuwa wa watu wengine. Watatu waliobaki walikuwa baba yake, bibi yake na mama yake, kwa mpango huo huo, kama aliyeitisha majina ya nyumbani kwao.

Hapo benchi la tatu likalia. Mwanamke akasimama, akajifunga leso yake upya, taratibu, akaelekea mlangoni. Alipoufungua, mwanga wa saa kumi na moja ukaingia wote kwa pamoja, na juu ya kitambaa Roma ikafutika. Hapakubaki kinu wala punda. Watu wakapiga kelele, "Mlango! Mlango!" Katika mwanga ule Idarusi akamwona mama yake kwa mgongo, kisha Adhiambo, ambaye hakutoka. Alikuwa amegeuka anamtazama yeye. Hakusema kitu, na Adhiambo kunyamaza ni jambo la kuandikwa.

Jumapili asubuhi Idarusi alikwenda Majengo. Alikuwa amepanga maneno njia nzima: nilikuwa nasoma karatasi, sikujua uko, ni mzaha wa sinema. Alisukuma mlango wa uani. Wapangaji walikuwa wanafua. Adhiambo alikuwa anapara samaki. Bi Waridi alikuwa mbele ya tanuri, mikono ina unga hadi viwiko.

Alipomwona akanawa mikono. Akaikausha. Akavua viatu vyake, akaviweka kando ya ukuta. Akatembea miguu mitupu mpaka mbele ya mwanawe, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Sharifu."

Na kabla Idarusi hajafahamu, akauchukua mkono wake wa kulia, akaubusu.

Wapangaji waliacha kufua. Huko kwetu mtoto ndiye amwambiaye mzazi shikamoo. Mzazi akimwamkia mwanawe hivyo, ardhi huwa imepinduka. Idarusi aliuvuta mkono kama aliyegusa tanuri.

"Mama, usi..."

"Nani mama?" Bi Waridi aliuliza kwa adabu. "Mimi mtu wa kulea tu, Sharifu. Sina babu. Karibu kiti. Adhiambo, mpe bwana kiti."

"Kiti chako iko wapi, ile ya wageni?" Adhiambo akajibu, akifuta magamba kisuni. "Huyu si wa kukaa kwa mkeka tena."

Kumbe hata lile la "bibi aliyenilea" lilikuwa limefika. Hakulidhania. Alidhani maneno ya Muthurwa yanalala Muthurwa. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni kwa muda wa kumeza mate mara mbili, akaletewa mofa kwenye sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, kama anavyoletewa mgeni wa heshima. Alimega kipande kimoja, akakirudisha chini ya kitambaa. Aliondoka kupitia mlango wa mbele, maana mama yake mwenyewe ndiye aliyemfungulia.

Wiki hiyo ilikuwa ya aibu na haikuwa na kitu kingine ndani yake. Kazini aliandika hesabu ya mataruma, zile mbao za kulazia reli, mara mbili. Ijumaa, mzee mmoja alipoushika mkono wake kuubusu, Idarusi aliona midomo ya mama yake pale pale, juu ya ngozi. Akajifanya anakohoa. Alitaka kusema, "Usiubusu, baba, mkono huu hauna kitu." Akatoka akajikuta amevipita viatu vyake, akarudi kuvitafuta katikati ya watu, na kila aliyempisha alisema, "Samahani, Sharifu." Hata Roma ilimgeukia. Alikuwa ameipenda kwa sababu ya matao na maji; sasa kila alipofumba macho aliona wale wa kwenye kinu.

Jumamosi asubuhi alimfuata Otiende holini, akamwomba amwonyeshe kopo la tatu kabla ya watu.

"Karatasi unayo," Otiende alisema. "Unataka nini na picha?"

"Nataka kujua kuna nini ndani."

"Juzi hukutaka kujua kulikuwa na nani ndani," Otiende akasema, lakini alifunga filamu kwenye mashine.

Kopo la tatu lilihusu makaburi. Waroma walizika watu wao kando ya barabara, nje ya mji, ili wapitao wasome majina. Likaonekana kaburi moja refu la mawe, lina matundu ya mviringo ubavuni, makubwa, yamepangwa safu juu ya safu. Juu kabisa wamechongwa watu wadogo: wanasaga, wanakanda, mmoja anasukuma mkate ndani ya tanuri. Kaburi la mwoka mikate. Karatasi ilisema kwamba yumkini alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na kwamba hakuificha kazi yake, aliichonga.

"Rudisha," Idarusi akasema.

Otiende akarudisha. Kisha akarudisha tena. Mara ya tatu alizima mashine, akasema bila kumtazama, "Bwana, haya matundu yanafanana na tanuri la mama yako."

"Unajua ni mama yangu?"

"Sura ile moja, umeivaa wewe na yeye. Nani hajui?"

Alasiri holi lilijaa. Idarusi alikuwa amepitisha salamu kwa Adhiambo, kwamba mama aje, naye akamjibu, "Miguu yangu ni ya kutafuta samaki. Mwite mwenyewe." Hakuthubutu. Lakini blanketi la mwisho lilipotundikwa alimwona Bi Waridi akiingia, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kama mtu anayejua njia ya kutokea.

Idarusi aliyasema makaburi ya wakubwa, akayasema ya askari. Sauti yake haikuwa na chumvi. Watu walianza kukohoa. Likaja lile kaburi lenye matundu.

"Huyu alikuwa mwoka mikate," akasema. "Na inaonekana aliwahi kuwa mtumwa. Juma lililopita niliwaambia mtumwa hana babu. Nilisema uongo. Bibi yangu alikuwa mjakazi wa shamba Malindi, jina lake Zafarani. Baba yangu ni Mabruki. Mimi si sharifu, sijawahi kuwa. Na Bi Waridi wa mofa, ambaye nyote mmekula mkono wake, si mlezi wangu. Ndiye aliyenizaa."

Alingoja kishindo. Alikuwa amejiandaa kutupiwa viatu. Mashine ilizunguka, trrr, na watu wadogo wa mawe wakaendelea kukanda.

"Twajua!" Hamidi akapaza kutoka gizani. "Twajua siku nyingi! Sasa sema, hao pale juu wanatia nini kwenye pipa? Picha inapita!"

Holi likacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma. Laiti wangemzomea. Mkono ule wa miaka mitatu, nusu yao walikuwa wakiubusu huku wakijua. Wengine kwa kumsitiri, wengine kwa kumcheka njiani. Alimaliza sinema, hakumbuki alisema nini.

Nje watu walikuwa wanakimbilia majumbani kabla ya kafyu. Alimkuta mama yake kando ya ukuta, Adhiambo akiwa mbele kidogo amebeba blanketi. Idarusi alikwenda karibu. Moyoni, aseme kweli, alitarajia kukumbatiwa.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Na Kaloleni wamesikia." Bi Waridi alijifunga leso. "Umenitaja kadamnasi mara mbili, Idarusi. Mara ya kwanza hukuniuliza. Mara ya pili umeniuliza?"

Idarusi akaivua kofia, akaishika mikononi.

"Zafarani ni mama yangu mimi. Miaka hamsini nimemweka kifuani, sijampa mtu ampitishe mkononi kama karanga. Leo umemtoa ili wewe upate nafuu. Umepata?"

"Sikupata," Idarusi akasema, na ilikuwa kweli.

"Basi." Akaanza kwenda. Kisha, bila kugeuka: "Ukitaka radhi yangu, hainunuliwi kwa kipaza sauti."

Jumapili alikwenda mapema, bila kanzu, na shati la kazi. Hakupitia uani, alibisha mlango wa mbele, wa barabarani, watu wakiwa wanapita kwenda bombani, akangoja. Alipofunguliwa akachuchumaa pale pale kizingitini.

"Shikamoo, mama."

Bi Waridi alitazama juu ya kichwa chake, kama anayetafuta aliyebisha. Akarudi ndani. Mlango akauacha wazi.

Idarusi akaingia, akamfuata hadi uani, akachuchumaa tena. "Shikamoo, mama."

Hakujibiwa. Beseni la unga wa mtama likasukumwa kwa mguu mbele yake. Akakunja mikono ya shati, akaanza kukanda. Wapangaji walitazama. Aliye na aibu ajue hivi: mikono ikiwa kwenye donge, huwezi hata kujifuta uso. Jasho lilimtiririka, na si jasho peke yake. Adhiambo alipita na ndoo, akasema, "Huko Roma walikuwa wanakanda na kilio namna hiyo?" akaenda zake.

Jua lilipanda. Tanuri likashika moto, makaa yakatulia mekundu. Bi Waridi alichukua donge la kwanza, akalipiga kwa kiganja, akalibandika ukutani mwa tanuri, mkono ukaingia na kutoka kwenye ule mdomo wa mviringo kama alivyofanya kila siku ya uhai wa mwanawe. La pili. La tatu. Alikuwa amefika la tisa.

"Shikamoo, mama," Idarusi akasema kwa mara ya sita, sauti imekauka.

Alilibandika la tisa. Akasubiri liushike ukuta.

"Marahaba," akasema. "Ongeza maji, hilo donge limekaza."